Mama Dinah na Kiti cha Makamu

Nusu ya vikundi vya Kitale vina katiba moja, na wanachama wake hawajui. Kikundi cha kina mama wa kuku, cha wenye baiskeli za bodaboda, cha kuzikana, hata kwaya mbili ninazozifahamu, zote katiba zao zimetoka kwenye taipureta ya Phelista Nasimiyu, mjane wa Wabwile, ambaye sisi wa barazani tulimwita Mama Dinah. Watu walikuja na karatasi ya daftari iliyoandikwa mambo matatu: tuwe na mwenyekiti, tuwe na mweka hazina, anayechelewa atozwe faini. Yeye alifungua jalada lake, akatoa katiba ya kikundi cha juzi, akabadilisha jina, akaongeza walichotaka, akapiga chapa. Kisha akawasomea yote kwa sauti, kifungu baada ya kifungu, hata kama walikuwa na haraka ya kwenda kuuza mahindi.

Mimi naitwa Thuo, Baba Nyaruai kwa majirani. Ni fundi wa viatu. Nimekaa ubavuni mwake kwenye baraza ile ya njia ya kortini miaka kumi na minne, na nilikuwa jirani yake shambani pia. Nasema mapema ili usije ukanisifu bure: katika habari hii mimi si mtu mzuri.

Mama Dinah hakuwa mtu wa kubembelezwa. Kijana alimletea hati ya kiapo akitaka tarehe irudishwe nyuma wiki moja tu, akaahidi kulipa mara tatu. Alimrudishia karatasi yake na kumwambia akapatane bei na wale wanaouza nyanya. Tulimcheka sana. Nilimwambia, "Mama Dinah, wewe utakufa maskini na karatasi safi." Akanijibu kwamba nami nitakufa na gundi vidoleni, kwa hiyo tusiringiane.

Tulikuwa wanachama wa ushirika mmoja, wa shamba linaloitwa kwa Makinoni, jina la mzungu aliyelima hapo zamani, upande wa kwenda Kiminini. Wazee wetu walilinunua kwa kuchanga, wengine kutoka Bungoma, wengine kama baba yangu kutoka Nyeri. Walikata vipande kwa kamba na hatua za miguu, kila mtu akapewa cheti cha sheya, yaani hisa yake, na kuambiwa asubiri hatimiliki. Tukasubiri. Watoto wakazaliwa, wakaoa, na shamba zima bado lilikuwa kwenye hati moja yenye jina la ushirika, iliyokaa mikononi mwa mwenyekiti. Kipande changu kilikuwa juu, karibu na barabara. Cha Mama Dinah kilikuwa chini, mtoni, ekari tatu za udongo mweusi unaomea hata fimbo.

Mume wake amezikwa hapo. Na hilo lilikuwa na kisa. Wabwile alipofariki mwaka 1998, ndugu zake walikuja kutoka Kamukuywa na lori, wakitaka kumpeleka akalale kwao walikozikwa baba zake. Lakini Wabwile alikuwa amesema azikwe kwa Makinoni, kwenye shamba alilolilima mwenyewe. Vuta nikuvute ilichukua siku mbili, maiti imelala. Aliyewanyamazisha ni mwenyekiti wetu, Mwalimu Festus Mukhisa, aliyekuwa zamani mwalimu mkuu, mtu mrefu wa sauti nzito na kofia. Aliketi nao, akawaambia kwamba neno la marehemu ni amri. Ndugu wakaondoka bila kula. Mkubwa wao alisema, "Basi kaeni na yeye. Lakini siku mtamchoka, msituletee."

Kwa hiyo Mama Dinah alikuwa na deni la shukrani kwa Mwalimu Mukhisa, na hakulificha. Alisema huyo ndiye aliyemfanya awe na mahali. Hati tu ndiyo ilikuwa imebaki. Alitaka karatasi moja yenye jina lake na namba ya kipande, basi. Kwa mwanamke aliyewapigia watu wengine karatasi maisha yake yote, nadhani hilo halikuwa kubwa.

Mwaka 2003 ulipoanza, nchi nzima ilikuwa na furaha ya kipuzi. Rais aliyekaa miaka na miaka alikuwa amemaliza vipindi vyake viwili na kwenda nyumbani kwa amani, na kila mtu alijiona mtaalamu wa sheria. Tulikuwa tunakunywa chai kwenye hoteli ya Rosaline, mimi, Mama Dinah na Mzee Kibe, mzee wetu wa kwa Makinoni aliyekuwa amepita miaka sabini na mitano, mpole, mkulima wa viazi, mtu ambaye hajawahi kuchukua hata jembe la jirani bila kubisha.

Nilitaka kumchokoza Mama Dinah. "Sasa wewe msomi," nikamwambia, "huyu rais mstaafu akirudishwa kama makamu wa rais, si itakuwa sawa?"

"Usicheze na mimi, Baba Nyaruai."

"Sichezi. Jibu."

Alikuwa na nakala ya katiba ya nchi, imechakaa kwa kushikwa. Aliiweka mezani kati ya mandazi. "Inasema hawezi kuchaguliwa rais tena. Hiyo iko wazi. Lakini makamu hachaguliwi na sisi. Anateuliwa na rais kutoka kwa wabunge. Akipata kiti cha bunge, mimi sioni penye imemkataza."

"Ati haikatazi!" Nikapiga meza. "Kwa hivyo unamtoa mtu kwa mlango ya mbele, anaingia na ya jikoni?"

"Sijasema ni vizuri. Nimesema haikatazi. Hayo ni mambo mawili."

Mzee Kibe alikuwa anapuliza chai yake. "Na rais akifa, huyo makamu si atakalia kiti?"

"Siku tisini tu, mzee. Halafu kura."

"Siku tisini," akasema Mzee Kibe. "Mtu na kalamu anaweza fanya mambo mingi siku tisini."

Tukacheka, tukaagiza chai nyingine. Sikuwaza kwamba yale maneno yalituhusu sisi.

Mwezi wa pili ushirika ulikutana. Mukhisa alikuwa amekaa kitini miaka kumi, vipindi viwili vya miaka mitano, na hati hazikuwa zimetoka. Kila mwaka kulikuwa na sababu: savea wa kupima ardhi amehamishwa, ramani imepotea, ofisi imefungwa. Kwa kuwa nchi ilikuwa imeonyesha njia, tukasema na sisi tuige. Mama Dinah, aliyekuwa katibu, alitoa kifungu kwenye katiba ya nchi na kukitia kwenye yetu: aliyekaa vipindi viwili hataweza kuchaguliwa mwenyekiti tena. Kifungu cha makamu tayari kilikuwepo: mwenyekiti akifa au akishindwa kazi, makamu atashika hadi mkutano mkuu ujao. Mama Dinah alitaka kuweka siku tisini hapo. Watu walikuwa na njaa na jua linawaka. Mtu akasema, "Siku za nini? Mkutano si tunaitana tu?" Tukapitisha hivyo. Mkutano mkuu wa kwa Makinoni huitwa na mwenyekiti, na hakuna aliyekumbuka hilo siku ile, hata mimi.

Uchaguzi ulikuwa mwezi wa nane, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Sisi hupiga kura kwa kupanga mistari nyuma ya mgombea, ili kila mtu aonekane na uso wake. Mstari wa Mzee Kibe ulizunguka goli la mpira. Alikuwa hajaomba kiti. Tulimchagua kwa sababu hakuwa mwizi, na kwa kweli hatukuwa na sifa nyingine ya kumpa. Mwalimu Mukhisa alitoa hotuba ya kuaga. Alilia. Tukampa blanketi na redio, na kina mama wakamwimbia.

Hapo ndipo mzee mmoja aliposimama na kusema Mwalimu asiende nyumbani mikono mitupu. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu hatolewi kitini akaachwa amesimama, ni aibu kwake na kwa waliomtoa. Mzee wa kanisa akistaafu anafanywa mlezi, na mwenyekiti wa mazishi akichoka anafanywa mshauri. Na kiti cha makamu kwetu kilikuwa cha kusinzia. Makamu aliyetangulia, kazi yake ilikuwa kushukuru wageni na kuombea chakula. Watu wakapiga makofi: Mwalimu awe makamu.

Mwanamke mmoja, Fridah, muuza maziwa, akainua mkono. "Ngojeni kwanza. Si tumesema miaka kumi imetosha? Sasa huyu mtu anarudi aje? Na Mzee Kibe akigonjeka? Akienda?"

Uwanja ulimvamia. Mtu hamtabirii mzee kifo siku ambayo amechaguliwa, tena amekaa mbele yako, mikono magotini. Kwa wenzangu wa Bungoma kusema hivyo ni kumwita mauti. Kwa sisi wa Nyeri si afadhali. Fridah alifokewa mpaka akaketi. Mzee Kibe mwenyewe alikuwa anatazama chini, na nilimwonea huruma, na kwa huruma hiyo nami nikapiga kelele, "Keti chini, mama!"

Lakini swali lilikuwa limeshatupwa. Mzee aliyependekeza akasema, "Tusigombane. Tuko na shelia. Katibu asome."

Mama Dinah alisimama na katiba yetu. Alisoma kifungu cha vipindi viwili. Alisoma cha makamu. Watu mia mbili wakamtazama, na katika hao nakuapia hapakuwa na mmoja aliyewahi kukisoma kile kitabu. Mwalimu Mukhisa alikuwa ameketi hatua tano kutoka kwake, kofia mkononi.

"Katiba haikatazi," akasema.

Makofi yakaanza. Alipandisha sauti. "Lakini kuna kitu kimoja lazima mjue, kwa sababu kama..."

"Kama nini, mama?" akauliza mzee yule.

Alimtazama Mzee Kibe. Nililiona lile jicho, mpaka leo naliona. Alilotaka kusema lilianza na kifo cha mtu aliyekuwa akimwangalia kwa upole, na akifumbua kinywa angefanyiwa kama Fridah. "Hapana," akasema. "Ni hayo tu." Akaketi. Nilipiga makofi kuliko wote.

Mzee Kibe alifanya kazi, Mungu amrehemu. Kila Jumanne alivaa koti lake la kanisani na kwenda ofisi ya ardhi kukaa benchini. Hakumpigia mtu simu, hakuwa nayo. Alikaa tu mpaka wakachoka kumwona. Mwishoni mwa mwaka 2004 savea alikuja na chombo chake cha miguu mitatu, vijiti vya bikoni vya kuonyesha mipaka vikapigwa, juu na chini, kila kipande kikapata namba. Mama Dinah alikariri yake mara moja. Aliniambia kila asubuhi, kana kwamba ningeisahau. Ilibaki mwenyekiti atie sahihi fomu za kuhamisha umiliki mbele ya bodi ya ardhi, na siku ilipangwa mwezi wa tatu.

Mwezi wa pili Mzee Kibe alianguka akimwagilia viazi. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, na ulimi nao. Tulimtembelea hospitalini na machungwa, tukasimama kuzunguka kitanda, na macho yake yalikuwa yanatutafuta mmoja mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa unachorachora juu ya shuka. Alikuwa anajaribu kuandika jina lake. Mama Dinah alitoka nje akalia kwa sauti, akisema hadharani kwamba analia kwa ajili ya mzee na kwa ajili ya shamba, na hajui ni lipi zaidi. Wiki tatu baadaye tulimzika.

Makamu akashika kiti. Hakuvunja chochote. Alikuja na kofia yake, akachukua faili na muhuri, akamwomboleza mzee vizuri kanisani.

Mwezi wa tatu bodi iliketi kama ilivyopangwa, na Mwalimu Mukhisa akatia sahihi fomu za sisi wa juu. Zote. Nilishika hatimiliki yangu mwezi wa saba, nikainusa. Nikamnunulia mke wangu nyama. Za chini hazikutiwa sahihi. Mwalimu alisema ameipata ramani ya zamani, na kwa ramani hiyo ukanda wa mtoni ulikuwa akiba ya ushirika, waliokaa hapo walikaribishwa tu. Jamaa kumi na saba. Kabla mwaka haujaisha tulisikia ukanda ule umeuzwa kwa tajiri mmoja wa mbali aliyetaka kupanda maua. Tukasema mkutano mkuu uitwe tumchague mwenyekiti mwingine. Mwalimu akasema ataita. Mwaka 2006 ukaingia akisema ataita.

Jamaa kumi na sita walikubali fidia wakahama, wengine hadi upande wa mlimani. Mama Dinah alikataa. Alimwendea Mwalimu nyumbani kwake, nami nikamsindikiza, kwa sababu nilijiona rafiki.

Mwalimu alitukaribisha kwa chai. "Mama Dinah, mimi nilikusaidia wakati yenye ndugu walitaka kukunyang'anya mwili ya bwanako. Umesahau?"

"Sijasahau, Mwalimu. Ndiyo nakuuliza. Ulinipa mahali pa kumzika, sasa unauza hapo?"

"Siuzi mimi. Ushirika inauza."

"Ushirika ni nani, na mkutano haujaitwa miaka miwili?"

Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniudhi, upole wake. "Wewe ndiye ulisema katiba haikatazi," akasema. "Mimi nilikaa pale nikingoja. Kama ungesema inakataza, ningebeba redio yangu niende nyumbani. Haki ya Mungu."

Tulirudi kwa miguu. Nadhani Mwalimu alisema kweli, na sijui kama jambo hilo linampunguzia dhambi.

Kwa kuwa ushirika uliandikishwa Bungoma, kesi ilibidi iende Bungoma. Mama Dinah alipata wakili huko, Hesbon Wekoye, kijana mwenye ofisi juu ya duka la mbegu, mwerevu na mchovu. Nilikuwepo alipoeleza. Swali, alisema, ni lile lile: je, mtu aliyemaliza vipindi vyake anaweza kuwa makamu, ilhali makamu ndiye anayerithi kiti? Kwa maandishi, hakuna kinachomzuia. Kwa nia ya waliotunga, huenda kipo. Wanachama wakisimama na kusema tulitunga kifungu hiki ili huyu mtu asirudi kabisa, jaji anaweza kuona kwamba umakamu wake ulikuwa batili tangu mwanzo, na alichouza hakikuuzwa.

"Hapo sawa," akasema Mama Dinah. "Tulitunga ili asirudi. Kila mtu anajua."

"Nahitaji wanachama wawili au watatu. Shida ni hii." Wekoye alivua miwani. "Kama hakuwa mwenyekiti halali alipouza huko chini, pia hakuwa mwenyekiti halali alipotia sahihi taito za juu. Huwezi kuvunja moja uache ingine. Zote zinaanguka."

Mama Dinah hakunitazama. Mimi ndiye niliyemtazama, halafu nikatazama dirisha.

Kwa miezi miwili alizunguka huko juu, nyumba hadi nyumba. Watu walewale waliolaani uuzaji wa mtoni, waliomwita Mukhisa fisi, walimpikia chai na kumwambia wana homa, wana harusi, wana mvua. Fridah aliyefokewa siku ya uchaguzi alikuwa na kipande juu, na hatimiliki. Alisema, "Mama Dinah, mimi nilisema siku ile na mkanizomea. Sasa mnataka niseme tena nipoteze shamba? Hapana, bana." Nani angemlaumu?

Kwangu alikuja mwisho. Alisubiri nimalize soli niliyokuwa nikishona.

"Baba Nyaruai, utakuja?"

"Mama Dinah, unajua mimi na kusimama mbele ya watu."

"Useme tu ulichokuwa ukisema kwa Rosaline. Ulisema mtu ametolewa na mlango wa mbele anaingia na wa jikoni."

"Ile ilikuwa mzaha."

"Haikuwa mzaha."

Nilimwambia nina watoto watano na kipande cha ekari mbili. Nilimwambia nitaomba. Kweli nilimwambia nitaomba, Mungu anisamehe. Alitikisa kichwa akarudi kwenye kiti chake, na mchana wote taipureta yake ililia bila kupumzika.

Siku ya kesi nilienda Bungoma hata hivyo, nikajiambia nakwenda kumtia moyo. Nilikaa benchi la tatu. Wakili wa Mukhisa hakuwa na kazi kubwa. Alitoa kumbukumbu za mkutano wa mwezi wa nane 2003, zilizopigwa chapa na Mama Dinah, bila kosa hata moja la herufi, na sahihi yake chini. Akasoma: "Katibu alisoma katiba na kuthibitisha kwamba haikatazi. Wanachama wote waliridhika."

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unasema kweli?"

"Nilikuwa nasema kweli."

"Kuna mahali umeandika kwamba uliwaonya?"

"Sikumaliza kuwaonya. Kwa hiyo sikuandika."

Wekoye alifumba macho. Angeweza kusema aliwaonya. Nani angebisha? Nusu yetu tulimsikia akianza. Jaji akauliza kama yuko mwanachama mwingine yeyote mwenye kueleza mkutano ulikusudia nini. Kulikuwa na watu wanane wa kwa Makinoni kwenye chumba kile. Mimi nilitazama viatu vya watu. Vingine nilikuwa nimevishona mimi mwenyewe. Jaji alisubiri, kisha akaandika kitu.

Hukumu ilisomwa mwezi wa kumi. Katiba ya ushirika haikumzuia Bwana Mukhisa kuwa makamu, na akiwa makamu alishika kiti kihalali mpaka mkutano utakapoitwa. Uuzaji ulisimama. Sikuwa na la kumlaumu jaji, alikuwa amesoma tulichoandika. Sisi wa juu tulishusha pumzi, na tukaona haya kutazamana tulipozishusha.

Mama Dinah alipewa siku sitini. Alikwenda Kamukuywa kuwaomba ndugu za mumewe wapokee mifupa. Yule mkubwa alikuwa bado hai. Hakumtukana. Alimkumbusha tu walilosema na kufunga mlango wa boma. Binti yake, Dinah, ameolewa Kapsokwony, mlimani, na alimlilia mama yake aende kukaa naye. Lakini mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, si kwa Wabukusu, na Mama Dinah hangeanza kuvunja mila akiwa na nywele nyeupe. Akapanga chumba kimoja Kitale, nyuma ya kinu cha unga. Chumba hakina pa kuzika mtu.

Siku ya kuhama nilienda na mkokoteni. Kitanda, meza, masufuria, majalada yake. Trekta ya tajiri ilikuwa imeshaanza upande wa pili, inalima kuja kwetu, na dereva alikuwa kijana wa heshima, alituambia hana haraka. Kaburi lilikuwa limejengewa ukingo wa matofali. Kijana alisema ameambiwa alipite tu juu, lakini atajaribu kulikwepa. Mwaka huu atalikwepa, nikawaza. Mwaka ujao watatuma dereva mwingine.

Mama Dinah aliketi kwenye ukingo ule. Hakulia. Ningependa sana angelia.

"Baba Nyaruai, nikuulize. Siku ile, kama ningesema katiba inakataza, mngejua nimedanganya?"

"Nani angejua? Hakuna mtu alikuwa amesoma."

"Mngeniamini?"

"Tungekuamini, Mama Dinah. Wote. Hata Mwalimu."

Aliitazama trekta mpaka ikageuka na kuanza mstari mwingine. "Basi nilikuwa na shamba langu mdomoni," akasema, "na nikalitema. Nilidhani nafanya vizuri. Nimekosa, Thuo. Heri ningewadanganya."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu kabla ya hapo. Nilitaka kumwambia kwamba kosa si lake, kwamba Bungoma palikuwa na benchi la tatu na mtu amekaa juu yake. Nikasema twende, jua linazama. Tulisukuma mkokoteni pamoja hadi barabarani, tukapita mbele ya shamba langu, na yeye akalisifia mahindi. Hatimiliki yangu ilikuwa ndani, kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro. Usiku huo nililala juu yake, na usingizi ulinijia upesi.